Safari ya likizo na watoto: namna ya kwenda na kurudi Dar wote wazima

Shule zikifungwa tu Desemba hapa Dar kila nyumba ni mabegi. Wengine Moshi kwa bibi, wengine Tanga, Songea, Lindi, wengine hawaendi mbali wanapanga siku mbili za Kigamboni au boti ya Unguja, na watoto usingizi hauji kwa furaha. Mimi nina watoto watatu, mume wangu kwao Kibosho mimi kwetu Lindi, kwa hiyo tunapokezana, mwaka huu kaskazini mwaka unaofuata kusini, na kabla ya kusafiri lazima iwepo siku moja ya bahari maana watoto wameshaizoea wanaidai kabisa. Haya ninayoandika ndo tunayofanya sisi, mengine tumeambiwa kliniki na mengine tumeyapata kwa kuumia, na nayaandika kwa sababu sitaki mwenzangu mpaka aumie ndo ajue.

Naanza na lililotuumiza sana. Miaka minne iliyopita tulikuwa ufukweni Kigamboni, ukoo mzima, watu wazima tisa na watoto saba. Mwanangu wa kati alikuwa na miaka mitano. Kuna waliokuwa wanachoma samaki, kuna wanaopiga picha, kuna wanaotandika mikeka, mimi namenya maembe. Mimi najua mtoto yuko na baba yake, baba yake anajua yuko na shangazi yake, shangazi anajua yuko na mama yake. Kijana mmoja muuza madafu ndo alimwona, maji yamemfika kidevuni, kainua uso juu, mdomo wazi, na wala halii. Akaingia na nguo zake akamtoa. Tulikuwa hatua kama ishirini kutoka pale na kati yetu sisi tisa hakuna aliyesikia chochote. Yule kijana Mungu ambariki popote alipo.

Mtoto anayezama hapigi kelele, hapungi mkono, hana hata pumzi ya kuita mama, anazama kimya na ni mda mfupi sana. Hilo sikulijua. Na lingine sikulijua ni kwamba watu wazima wakiwa wengi ndo mtoto anakuwa hana mtu, kila mmoja anamtegemea mwenzie. Nyumbani nikiwa peke yangu nao sijawahi kumpoteza mtoto hata dakika tano, nimempoteza siku ambayo tulikuwa tisa.

Tangu siku ile tuna filimbi. Ni filimbi ya kawaida ya refa, nilinunua Kariakoo, ina kamba ya kuvaa shingoni. Aliyeivaa ndo mwenye zamu ya watoto na hafanyi kitu kingine chochote, hashiki simu, hachomi nyama, hapigi stori akiwa amewapa mgongo. Zamu ni nusu saa basi, mana mtu akizidisha hapo macho yanachoka. Na kukabidhiana ni kwa mdomo na kwa hesabu, anayetoa anasema "nakukabidhi wanne", anayepokea anawahesabu kwa macho anajibu "nimepokea wanne", ndo filimbi inahama shingo. Mwanzoni mashemeji waliona kama mchezo, siku hizi wenyewe ndo wanauliza filimbi iko wapi kabla hatujashusha vitu kwenye gari. Filimbi hiyo inafanya kazi kila sehemu, sio baharini tu, stendi tunaivaa, nyumbani kwa bibi tunaivaa, kwenye harusi tunaivaa, na huko chini ntakuwa naitaja taja.

Sasa kabla hujatoka. Wiki mbili kabla ya safari mtoto mdogo apitie kliniki muangalie kadi ya chanjo kama kuna iliyorukwa, na kila mwenye dawa za kila siku achukue za siku zote za safari na wiki moja ya ziada, magari yanaharibika, mvua inakata barabara, mnaweza kuchelewa. Dawa hizo zikae kwenye mkoba unaopanda nao juu, sio kwenye buti la basi, nimeona mama mmoja akilia pale Segera pampu ya mtoto mwenye pumu iko chini ya magunia ya watu. Kadi ya bima, cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, vyote vipige picha uviweke kwenye simu na uulize mapema huko mnakoenda ni hospitali gani ya karibu inapokea bima yenu.

Mfuko wetu wa dawa sio mkubwa. Kuna panadol ya maji ya watoto na kijiko chake cha kupimia, ORS (ile chumvi chumvi ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha) pakiti sita au zaidi, vidonge vya zinki, kipima joto, plasta na bandeji, glovu, sabuni ya kipande, losheni ya kufukuza mbu na tochi. Aspirini mtoto hapewi. Antibayotiki za kubeba "kwa tahadhari" sibebi na sishauri, zile unapewa na daktari aliyeona mtoto anaumwa nini.

Kama una mtoto wa selimundu nakuomba usome hapa taratibu, dada yangu anaye na tumejifunza naye. Watoto hawa baridi ni adui na kiu ni adui, vyote viwili vinaweza kuwaletea yale maumivu makali, kwa hiyo Kibosho, Lushoto, Njombe au Makete sio kwamba hawaendi, wanaenda ila na masweta, soksi, kofia, maji wanakunywa kila saa hata kama hawajaomba, hawakai na nguo zilizolowa na hawaogi mtoni maji ya baridi kama wenzao. Dawa zake za kila siku, foliki asidi na haidroksiyurea, zisikatike hata siku moja, na homa kwa mtoto huyu hausubiri kesho asubuhi, ni hospitali saa hiyo hiyo. Mtoto mwenye ualbino naye jua la ufukweni usilichezee, mikono mirefu, kofia yenye ukingo mpana, miwani, na losheni ya jua unairudia kila baada ya masaa mawili na kila akitoka majini. Na watoto wengine wote, weusi kabisa kama wangu, jua kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi linawachosha na kuwakausha maji mwilini, tafuteni kivuli mda huo mle mpumzike.

Barabarani. Hapa watu hawapendi kuambiwa ila nasema. Mtoto wa kupakata kwenye siti ya mbele ya gari dogo ni hatari kuliko kitu chochote mtakachokutana nacho likizo nzima. Gari likiwa kwenye spidi ya 80 likagonga kitu hakuna mkono wa mama unaoweza kumshika mtoto, atarushwa, na ukijifunga mkanda mmoja wewe na yeye mwili wako ndo unamkandamiza. Mtoto akae nyuma, mdogo kwenye kiti chake cha gari, mkubwa kwenye mkanda wake. Viti vya watoto vya mitumba vipo, angalia tu hakijapasuka na mikanda yake inafunga kisawasawa, na ni pesa ndogo ukilinganisha na mnazotumia kwenye vinywaji vya Krismasi. Kusimama katikati ya siti mbili za mbele, ile wanayoipenda watoto wetu kwenye Noah na IST, sisi tumeifuta, gari haliondoki mpaka wote wamekaa.

Kwenye basi mkatie mtoto siti yake kama uwezo upo. Mabasi ya usiku yalirudishwa tangu 2023 na najua yanasaidia watu wenye haraka, ila mimi na watoto naenda mchana, dereva anaona, mimi naona, na likitokea lolote kuna watu barabarani. Mkiona dereva anakimbia kupita kiasi au ana-ovateki kwenye kona msiogope kusema, abiria wawili watatu mkisema pamoja anasikia, asiposikia kuna trafiki mbele na kuna 112 ya polisi. Wanaoendesha wenyewe, Dar hadi Moshi ni zaidi ya kilometa 500, usianze hiyo safari umetoka kazini jioni hujalala, na kila masaa mawili simama unyooshe miguu hata kama unajiona uko fiti. Mvua za vuli zikinyesha mkakuta maji yanapita juu ya barabara, subirini, hata kama gari la mbele limepita, gari la mbele sio lenu. Wanaoelekea Morogoro na Dodoma tangu 2024 wana treni ya SGR, na kwa mwenye watoto wadogo ningechagua hiyo bila kufikiria mara mbili, choo kipo ndani na mtoto anatembea tembea.

Choo ndo kinanileta kwenye kuchimba dawa. Basi likisimama porini watu wanashuka mbio na watoto wanashuka mbio, na watoto hawajui upande, wanazunguka nyuma ya basi wanavuka lami kwenda kichaka cha ng'ambo. Mshike mkono, upande ule ule wa basi, piga piga miguu chini kabla ya kuingia kwenye majani na usimwingize ndani sana, nyoka wapo kweli. Mtu akiumwa na nyoka msichane kidonda, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza, mlaze atulie, mguu au mkono usitikisike, vueni pete na viatu kabla hakujavimba, mkimbizeni hospitali.

Na stendi, pale Mbezi Luis Desemba unapotea wewe mtu mzima sembuse mtoto wa miaka minne. Asubuhi kabla ya kutoka napiga picha ya watoto wote wakiwa na nguo za siku hiyo, ili akipotea sihitaji kuanza kukumbuka shati lilikuwa la rangi gani. Namba yangu ya simu naiandika kwa peni kwenye mkono wake kwa ndani na nakunja karatasi namuwekea mfukoni. Jina siliandiki sehemu ya wazi, mtu mbaya akimwita kwa jina mtoto anadhani anamjua. Anajua pia kwamba akipotea asizunguke kututafuta, asimame hapo hapo au aende kwa mama mwenye watoto au askari. Na hapo stendi filimbi iko shingoni kwa mtu mmoja, mwingine ndo anahangaika na mizigo.

Chakula cha njiani mimi napika. Chapati, mayai ya kuchemsha ambayo hayajamenywa, ndizi mbivu, karanga. Wali na pilau kwenye hotpoti toka alfajiri hadi saa nane mchana sibebi, wali ukikaa uvuguvugu mda mrefu unaharibika hata kabla haujanuka. Mkila kwenye hoteli za Korogwe au Mombo chagueni kinachotoka jikoni kinafuka moshi, kachumbari ya pale ruka, watoto waambie watakula nyumbani. Machungwa ya njiani matamu sana lakini yale yaliyokwisha kumenywa yameshikwa na kisu kilichooshwa maji ya ndoo moja toka asubuhi, nunua yenye ganda lake umenye mwenyewe. Maji ya chupa angalia seal kabla hujalipa, basi likiwa linaondoka ndo unauziwa iliyojazwa bombani.

Sasa bahari, na hapa nakaa kidogo mana ndo panapoua watoto wa Dar. Maji yetu yanajaa na kupwa, kama masaa sita kujaa na masaa sita kupwa, na kila siku yanasogea mbele kama dakika hamsini, kwa hiyo saa uliyokuta maji kidogo Jumamosi iliyopita sio saa ile ile leo. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndo bamvua, maji yanatoka mbali sana na yanarudi kwa nguvu. Watoto wakiona yametoka wanatembea kwenye mchanga hadi kwenye mafungu ya huko mbele wanaokota makombe, na maji yakianza kurudi hayaji usoni kwao, yanapita kwanza kwenye vile vijito vya nyuma yao, wakigeuka kuna mfereji wa maji katikati yao na nchi kavu. Kabla ya kuvua viatu muulize mvuvi yeyote pale "maji yanaanza kujaa saa ngapi leo", atakwambia bila hata kuangalia saa, na hiyo saa ndo watoto wanatakiwa wawe wamesharudi karibu.

Mtoto asiyejua kuogelea maji yasimpite magoti na mwenye filimbi anasimama majini pamoja naye, sio amekaa kwenye mkeka. Maboya ya kupuliza, yale ya bata na ya duara, sio kinga, upepo unayasukuma kwenda ndani na mtoto yuko juu yake. Aliyekunywa bia haogelei na hapewi zamu, awe baba mkwe awe nani. Viatu vya plastiki vivaliwe majini kwa ajili ya miamba na wale wadudu wa baharini wenye miiba mirefu myeusi, mwiba ukiingia ingiza mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, nusu saa hadi saa na nusu, maumivu yanashuka, alafu hospitali wautoe kama umekatikia ndani. Bwawa la hoteli nalo ni bahari tu kwa mtoto wa miaka mitatu, na usiku mlango wa chumba unafungwa komeo la juu.

Mtu akizama usirukie kama hujui kuogelea vizuri, mtakuwa wawili. Sisi siku hizi tunabeba dumu tupu la lita tano lenye mfuniko uliokazwa, limefungwa kamba ndefu ya manila, unarusha linaelea anashika unavuta. Akitoka kama hapumui usimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo, huko ni kupoteza mda. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi mdomoni mara tano kifua kinyanyuke, kama bado hajaamka kandamiza katikati ya kifua mara 30 kwa haraka alafu pumzi mbili, endelea hivyo hivyo wengine wakitafuta gari. Na aliyezinduka, hata akicheka, apelekwe hospitali asikilizwe kifua, mana maji yaliyoingia kwenye mapafu yanaweza kumletea shida ya kupumua baada ya masaa. Wangu tulimpeleka, alikaa pale hadi usiku, alitoka salama.

Boti za kasi za Unguja ni kama masaa mawili, mkikaa tu ulizeni majaketi ya kujiokolea yako wapi na muangalie yapo ya saizi ya watoto. Hatuwezi kusahau MV Skagit iliyozama Julai 2012 ikielekea Unguja, ilitoka hapa hapa Dar mchana. Kwenye viboti vidogo vya Mbudya na Bongoyo jaketi linavaliwa kabla ya kupanda, na kama halipo la mtoto hatupandi, tunacheza ufukweni, watoto watanuna saa moja. Mkiona wanarundika watu shukeni.

Tukifika kwa bibi, kabla sijanywa hata chai, naizunguka nyumba. Nina heshima zote kwa mama mkwe na naomba kwanza, namwambia "Mama, naomba hii chupa ya mafuta ya taa tuiweke juu darini, hawa wa mjini wakiona chupa ya maji wanakunywa tu", ananijibu "weka mwanangu, hata mimi naogopa". Mafuta ya taa kwenye chupa ya maji au ya soda ndo kitu cha kwanza ninachotafuta, cha pili dawa ya kupulizia kahawa na migomba, cha tatu vidonge vya presha na sukari vya bibi mwenyewe ambavyo viko kwenye kikopo juu ya meza na vina rangi kama pipi. Mtoto akinywa mafuta ya taa usimtapishe na usimlazimishe maziwa, yakirudi juu yanaingia kwenye mapafu, chukua na chupa yenyewe nenda hospitali. Cha nne ni maji, kisima, pipa, ndoo kubwa, mfereji unaopita shambani, vyote vinafunikwa au vinaingia kwenye zamu ya filimbi. Alafu masufuria ya sikukuu, mtori unachemka chini kwenye mafiga na watoto kumi na tano wanakimbizana. Akiungua ni maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, sio dawa ya meno, sio yai, sio asali, alafu funika na kitambaa kisafi.

Mbwa wa kijijini sio mbwa wa kuchezea. Aking'ata au hata kukwaruza osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima ukiangalia saa, alafu siku hiyo hiyo kituo cha afya kwa chanjo, usisubiri kuona kama mbwa atakufa. Kichaa cha mbwa kikishaanza dalili hakuna dawa inayorudisha. Ng'ombe au mbuzi aliyekufa mwenyewe haliwi hata kama ni hasara, kuna kimeta, na wa kuchinja aonwe na bwana mifugo.

Baridi ya kule, hasa wanaoenda likizo ya Juni na Julai. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani mnakolala, mlango umefungwa mnaota moto, kamwe. Mkaa ukiwaka unatoa hewa isiyo na harufu wala rangi, inakulaza usingizi na hauamki, na familia nzima inaweza kuondoka usiku mmoja. Blanketi mbili, soksi, watoto walale pamoja, jiko linabaki nje.

Na tukiongelea kulala, hili nalisema kwa upole ila nalisema. Nyumba ikijaa wageni watoto hurundikwa popote, chumba kimoja na wajomba, na binamu wakubwa, na mgeni ambaye hata hatujui ni wa nani. Wangu wanalala na mimi au na bibi yao, kila usiku, na sielezi sababu kwa mtu. Nimewafundisha kwamba hakuna mtu, hata ndugu, anayeruhusiwa kuwashika sehemu za siri wala kuwaambia wafiche siri kwa mama. Kama kuna lolote namba ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo.

Kusini ni habari nyingine, Lindi, Mtwara, na huko Kigoma, Geita, Kagera, Tabora, malaria ipo kuliko hapa mjini. Nabeba vyandarua vyetu vyenye dawa na misumari na kamba, sitegemei kukuta. Mbu wa malaria anauma kuanzia giza linapoingia hadi alfajiri, kwa hiyo saa kumi na mbili jioni mikono mirefu na losheni. Wa dengue anauma mchana na huyo Dar tunamjua, 2014 na 2019 alitusumbua. Ndo maana homa huko safarini usiitibu kwa kubahatisha, kipimo cha kutoboa kidole ni dakika kama 20 hata zahanati ya kijijini kipo. Ikiwa malaria ni dawa mseto, dozi sita kwa siku tatu, ya pili masaa manane baada ya ile ya kwanza, pamoja na chakula au maziwa, na mnamaliza hata kama mtoto kashaanza kucheza. Kabla ya kupima na kujua sio dengue, homa inashushwa kwa panadol tu, diklofenaki na ibuprofeni acha. Mtoto anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya au kunywa, anayesinzia haamshiki au aliyepata degedege ni hospitali sasa hivi, degedege sio mdudu wala sio mambo ya mganga, na usimwekee kijiko mdomoni, mlaze ubavu. Wanaoenda Mwanza na Ukerewe nao, ziwani kuna kichocho kinachoingia kupitia ngozi, watoto wasioge kule kwenye magugu na konokono.

Kuharisha kutatokea, kwenye watoto saba mmoja lazima. ORS changanya na kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, usipunguze maji iwe kali usiongeze iwe nyingi, mpe kidogo kidogo kwa kijiko, akitapika subiri dakika kumi endelea. Pakiti zikiisha, lita moja ya maji yaliyochemshwa, sukari vijiko vya chai sita vya kusawazisha na chumvi nusu kijiko. Zinki siku 10 hadi 14, anaendelea kunyonya na kula. Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, analia bila machozi au hajakojoa masaa mengi, huyo ni wa hospitali.

Mkirudi Dar mabegi yakifunguliwa mfuko wa dawa ujaze upya siku hiyo hiyo, na dumu na filimbi tunavitundika nyuma ya mlango wa stoo. Malaria mtu anaweza kuumwa na mbu huko na homa ikaja siku kumi au kumi na tano baadaye, wakati mwingine wiki kadhaa, mtoto ameshaanza shule na wewe umeshasahau safari. Akichemka Januari au Februari, ukikaa tu mbele ya daktari sema "tulikuwa Lindi tumerudi tarehe fulani", kabla hajakuuliza.